Tulinunua Rangi: Habari ya Land Rover Kuukuu Katika Njia ya Misafara



Vijana wengi hutujia baada ya darasa la jioni kutuuliza habari za gari letu kuukuu. Huyu ataka kujua tulilipata wapi, na yule ataka kujua bei yake, na wa tatu, ambaye ana akiba ya miaka michache, ataka kununua lake. Kwa kuwa jawabu ni refu, na kwa kuwa ndani yake mna kosa letu wenyewe, tumeona ni heri kuliandika hapa mara moja, ili anayetaka kununua asome kabla hajafungua mkoba wake, na aliyekwisha nunua ajue aanzie wapi kutengeneza.

Sisi si mafundi. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na kazi yetu ni kusomesha watoto Kurani. Tunayoyajua ya magari tumeyajua kwa kuuliza, na mengine kwa kulipa.

MJI WA KUTUA MIZIGO

Tabora yetu haikuanza na motokaa. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hata Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 na zaidi, ilipita hapa Unyanyembe, na hapa ndipo misafara ilipopumzika. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua mabegani mizigo iliyokaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32. Njia hiyo ilipitisha nguo, shanga na pembe za ndovu. Ilipitisha pia wanadamu waliouzwa kama bidhaa, na jambo hilo hatuna ruhusa ya kulificha tunapoisifu njia yetu.

Wapagazi wengi wa pwani walikoma hapa. Mizigo ikafunguliwa, ikatazamwa kipi kimelowa na kipi kimevunjika, ikafungwa upya, na wapagazi wengine wakaajiriwa kwa safari ya ziwani. Baadaye ikaja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mabega ya watu yakapumzika. Kisha zikaja motokaa. Baada ya vita vikuu vya pili Waingereza walileta matrekta hata Urambo, magharibi ya mji wetu, kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioachwa mwaka 1951.

Basi desturi ya mji huu ni kwamba mzigo hufunguliwa na kukaguliwa kabla ya kuchukuliwa. Sisi wenyeji wa mji huo ndio tuliochukua mzigo bila ya kuufungua.

GARI LENYEWE NI LA NAMNA GANI

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Aliyeibuni ni Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza. Wakati ule, baada ya vita, chuma cha pua kilikuwa adimu na kikigawiwa kwa kipimo, kwa hiyo bodi ya gari ikafanywa kwa aluminiamu. Lakini chasisi, yaani mifupa inayobeba injini na bodi na magurudumu, ikabaki ya chuma.

Tafadhali, msomaji, lishike neno hili, kwani habari yetu yote imo humo. Aluminiamu haili kutu nyekundu. Gari laweza kukaa miaka 50, likaoshwa na kupakwa rangi, bodi yake ikang'aa kama sahani ya harusi, na huku chini mifupa imekwisha kuoza. Chasisi ya Land Rover ni mihimili miwili iliyo wazi ndani mfano wa mianzi. Maji na matope huingia, hayana pa kutokea, na kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Mwenye kutazama kwa juu haoni kitu.

Namna ya pili ya magari hayo ilitoka mwaka 1958, ikafuatwa na Series IIA mwaka 1961, na Series III mwaka 1971, iliyoendelea hata mwaka 1985. Yako mafupi yaitwayo 88 na marefu yaitwayo 109, na hesabu hizo ni inchi kutoka gurudumu la mbele hata la nyuma. Katika nchi yetu yalitumiwa na serikali, na polisi, na wamisionari, na wafanya biashara, na katika vijiji vingi yalikuwa ndiyo basi na ndiyo gari la wagonjwa. Leo yamekuwa ni kitu cha kutafutwa na wapenzi. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha kubwa, na vijana waliokwenda walirudi kila mmoja akiota lake. Hapana ubaya. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahli ametaja wanyama wa kupandwa kuwa ni vipando na tena ni pambo, wala pambo si haramu. Lakini kila kinachotafutwa na wengi hupata wauzaji wa kila namna.

SIKU YA KUNUNUA

Mwaka 2018, baada ya mavuno, tulikuwa na shilingi 6,500,000. Nusu yake ilikuwa akiba yetu, na nusu ilikuwa mali ya mama watoto, aliyoipata kwa kushona nguo na kuuza asali. Tulimwahidi kwamba gari litawachukua watoto wa chuo kwenda kwenye Maulidi na mashindano ya kusoma Kurani, na siku nyingine litaleta asali yake kutoka Sikonge. Alikubali kwa sharti moja. Akasema, "Baba watoto, lipeleke kwa fundi kwanza." Tukajibu ndiyo.

Gari lilikuwa Series IIA, refu, la petroli, limepakwa rangi ya kijani kibichi na paa jeupe. Viti vilikuwa vipya, na magurudumu yamepakwa rangi nyeusi yakimetameta. Tulipoliona moyo wetu ulikwisha kulipa kabla ya mkono. Fundi tuliyemwendea alitaka shilingi 40,000 kulikagua, na tungoje siku mbili. Muuzaji akatuambia kwamba yuko mteja wa Nzega atakayefika kesho asubuhi na fedha taslimu. Maneno hayo, ndugu msomaji, yameuza mali mbovu nyingi tangu watu walipoanza kwenda sokoni.

Tulilipa jioni ile ile. Hatukuandika mapatano yoyote illa karatasi ya kupokea fedha, wala hatukuweka shahidi. Na sisi ndio tunaowasomesha watoto kwamba ile aya ndefu kuliko zote katika Suratul-Baqara yahusu kuandika mapatano na kuweka mashahidi! Tena tunawasomesha hukumu ya khiyari, kwamba mnunuzi aweza kushurutisha siku hata tatu za kujaribu kitu kabla ya bei kukazwa. Siku tatu hizo zilikuwa haki yetu, nasi hatukuziomba, kwa kuona haya kuonekana tunamshuku Mwislamu mwenzetu. Fundi angekula shilingi 40,000. Haya ilitugharimu mara nyingi zaidi.

NJIA YA KWIHARA

Mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi, tuliwachukua watoto 9 kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuwaonyesha nyumba ya kumbukumbu ya Livingstone, aliyekaa huko mwaka 1872. Watoto waliketi nyuma juu ya mabenchi ya ubavuni, wakiimba kasida. Sisi tulikuwa usukanini.

Mbele yetu kundi la mbuzi likakata njia, na nyuma yao mtoto mchungaji, umri wake hauzidi miaka 8. Tukakanyaga breki, na pedali ikazama mpaka chini kama iliyokanyaga maji. Tukakanyaga tena, hapana kitu. Tukashusha gia, tukavuta breki ya mkono, tukapinda usukani kuingia shamba la mahindi. Gari likasimama ndani ya matuta. Mchungaji hakuguswa, Alhamdulillahi. Mbuzi mmoja alivunjika mguu, tukamlipa mwenyewe. Na mmoja wa wanafunzi wetu alijigonga kinywa juu ya chuma cha benchi, akang'oka jino la mbele.

Jioni tukampeleka mtoto kwa baba yake, tukamwomba radhi. Baba yule ni mtu mpole. Alimshukuru Mungu, akatukaribisha maji. Kisha akatuuliza neno moja tu, "Maalim, lilikaguliwa gari hili kabla hujawapakia watoto?"

Hatukuwa na jawabu. Tumekaa mbele ya masheikh wakubwa tukaulizwa masuala magumu, na hapana lililotushinda kama lile.

FUNDI ALIVYOLITAZAMA

Kesho yake gari likavutwa mpaka karakana ya fundi yule yule tuliyekataa kumlipa. Ni mzee wa makamo, amezaliwa Tabora, na mikono yake imeyajua magari haya tangu utotoni. Aliingia chini na nyundo ndogo na tochi. Tukasikia anagonga, nk, nk, nk, kisha mlio ukabadilika. Alipotoka alitwambia, "Maalim, gari hili umelinunua juu. Chini hukulitazama. Umenunua rangi."

Akatuonyesha. Magari ya namna yetu yana bomba moja la mafuta ya breki linalohudumia magurudumu yote manne. Gurudumu moja likivuja, yote manne yamekosa breki. Mpira wa silinda ya gurudumu la nyuma ulikuwa umekwisha kuoza, na mafuta yalikuwa yakitoka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Huo ulikuwa uzembe wetu, kwani hatukupata hata siku moja kufungua kifuniko tukatazama.

Lakini chasisi ilikuwa ni kazi ya mwingine. Boriti ya nyuma na mikono miwili inayobeba bodi ilikuwa imetoboka kwa kutu. Matundu yalizibwa kwa matambara na bati jembamba, yakapakwa lami nyeusi juu yake, ili mtazamaji aone weusi mmoja toka mwanzo hata mwisho. Aliyefanya vile alijua afanyalo.

Tulimwendea muuzaji. Akasema, "Uliliona kwa macho yako, ukaridhika." Sheria ya dini yetu iko wazi. Muuzaji anayejua aibu ya kitu ni wajibu wake kuisema, na mnunuzi akigundua aibu ya zamani ana haki ya kurudisha. Lakini kurudisha kuna masharti yake, mojawapo ni kitu kisiwe kimeingia aibu mpya mkononi mwa mnunuzi. Sisi tulikwisha kulitoboa gari kwa kutia rafu za mizigo, tukalibonyeza ubavu siku ya Kwihara. Na karatasi yetu ilitaja fedha tu, haikutaja neno moja la hali ya gari. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, tukimsema mtu yule njia nzima.

MTIHANI ULIOTUFIKA

Wiki ya pili akaja kijana kutoka Urambo. Alisikia kwamba tunalo gari, na hakusikia la Kwihara. Fundi alikuwa amekwisha kutengeneza breki, na chasisi bado. Kijana akatusalimu kwa adabu, "Shikamoo, Maalim." Akalizunguka gari, akapapasa boneti, akakaa usukanini. Tukayaona machoni mwake yale yale yaliyokuwa machoni mwetu siku ile. Akataja shilingi 7,000,000, zaidi ya tulizotoa sisi.

Hatutaki kujisifu kwa tusichokuwa nacho, kwa hiyo twasema kweli. Hatukumjibu palepale. Tulimwambia arudi baada ya sala ya laasiri, tukaingia ndani. Tukamwambia mama watoto kwamba fedha yake yaweza kurudi yote, na faida juu yake. Kijana ni mtu mzima, ana macho, naye hakuuliza lolote juu ya chasisi.

Mama watoto alikuwa akishona. Hakuinua uso. Akasema, "Yule aliyetuuzia tumemsema kila siku tangu Kwihara. Kesho yuko mtu Urambo atatusema sisi, naye atakuwa na haki kama sisi." Kisha akaongeza, "Na yeye pia atapakia watoto."

Kijana aliporudi tulimpa tochi na nyundo, tukamwonyesha matundu yote, moja moja. Alitushukuru, akaenda zake bila ya kununua. Tulibaki na gari, na deni la fundi, na fedha ya mama watoto ikiwa imelala juu ya kutu. Mtume wetu (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, alimkemea mwenye lundo kwa kuficha unyevu chini ya nafaka kavu. Habari hii tumeisomesha kwa miaka mingi. Siku ile ndipo tulipojua uzito wake, kwa sababu lundo lilikuwa letu.

NINI KWANZA, NINI BAADAYE

Sasa twafikia yale ambayo vijana wetu wanapenda kuyasikia, yaani kuliboresha gari. Kijana akinunua gari la zamani, jambo la kwanza analowaza ni injini yenye nguvu zaidi, taa kubwa, redio na tairi pana. Fundi wetu alitupa utaratibu wa namna nyingine, nasi tumeufuata kwa muda wa miaka miwili, kila mwezi kwa kadiri ya mfuko.

Kwanza ni kinachosimamisha gari. Alibadili mabomba yote ya breki, mipira yote, na silinda za magurudumu manne. Mahali pa silinda kuu ya asili alitia ya Land Rover ya baadaye, yenye vyumba viwili na kisaidizi cha kanyagio. Sasa bomba la mbele likipasuka, la nyuma hushika, na la nyuma likipasuka, la mbele hushika.

Pili ni kinachobeba gari. Bodi ya nyuma ikafunguliwa, kwani imefungwa kwa nati na bolti, na hii ni fadhila kubwa ya magari haya. Tangi la petroli likatolewa na nyaya za betri zikafunguliwa kabla ya moto wa kuchomelea kuwashwa. Asiyefanya hivi hucheza na roho yake. Chuma kilichooza kilikatwa mpaka kikafika kwenye chuma kizima, kikaungwa kipya cha unene ule ule. Kubandika bati juu ya kutu si kutengeneza, bali ni kuifunika kutu ipate kula gizani. Mwisho matundu ya kutokea maji yakazibuliwa, na ndani ya mihimili kukapulizwa oili.

Tatu ni umeme. Nyaya za zamani hukauka ngozi yake, zikigusana huwaka, na magari haya yalitengenezwa na fyuzi chache mno. Tulitia nyaya mpya na fyuzi kwa kila kazi, na dainamo ya kale ikaondoka, ikaja olteneta.

Nne ni watu waliomo ndani. Mabenchi ya ubavuni tumeyatoa, tukatia viti vinavyotazama mbele, kila kimoja na mkanda wake. Watoto waliokuwa wakiingia 9 sasa huingia 6, wengine hungoja safari ya pili. Tairi ni za kipimo cha asili, 7.50 kwa 16, nyembamba na ndefu, nazo zapita katika matope ya masika vizuri kuliko zile pana.

Tano, na ndiyo ya mwisho, ni injini. Hapa wapenzi wa magari hugombana. Injini yetu ya asili ni ya petroli, silinda 4, ujazo wake lita 2 na robo, nayo yapenda kunywa. Wako wanaoitoa na kutia ya diseli ya Toyota au ya Nissan, kwa kutafuta nguvu na kupunguza matumizi. Hatuwalaumu, na kwa mwenye kubeba mizigo kila siku huenda ikawa ndiyo hesabu njema. Lakini na ajue mambo matatu. Giaboksi na ekseli za nyuma za zamani hazikuumbwa kwa nguvu mpya, na aghalabu hukatika. Gari lendalo mbio zaidi lataka breki zaidi. Na namba ya injini ikibadilika, kadi ya gari nayo haina budi kurekebishwa Mamlaka ya Mapato, ama sivyo siku ya kuuza utakuwa na gari ambalo karatasi zake zasema uongo.

Sisi tulibaki na injini ya asili. Magari mengi ya zamani yaliundwa yatumie petroli yenye risasi, na risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya valvu. Nchi zetu za kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, na ni kheri kwa afya za watoto. Kwa hiyo fundi alitia viti vigumu vya valvu, akasafisha kabureta, akazibua rejeta. Chujio la hewa ni la asili, lenye bakuli la oili linalonasa vumbi. Kwa vumbi letu la kiangazi tumeona halina mshindani, mradi lisafishwe.

Na giaboksi imetufunza subira. Gia ya kwanza na ya pili za gari letu hazina kisaidizi cha kuzipatanisha. Ukitaka kushuka gia lazima ukanyage klachi, utoe gia, uachie klachi, uipe injini mafuta kidogo, ukanyage tena, ndipo uingize. Mwenye haraka husikia meno yakilia. Wanafunzi wetu wakubwa hucheka tukikosea, nasi twawaambia kuwa hata tajwidi huanza hivyo.

WASIA KWA MNUNUZI WA KWANZA

Ewe kijana unayetaka kununua, yashike haya machache.

Anza chini, umalizie juu. Chukua nyundo ndogo ugonge chasisi toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu yenye kujibu, na kilichooza hulia kama debe lenye mchanga. Lami mpya chini ya gari kuukuu ni swali, na muuzaji ajibu. Uliza gari liliishi wapi, kwani hewa ya chumvi ya pwani hula chuma upesi kuliko ukavu wa bara.

Linganisha namba za chasisi na injini na zile zilizo katika kadi, kabla ya kutaja bei. Mpe fundi wako haki yake, na awe fundi wako wewe, si wa muuzaji. Tenga fedha mafungu mawili, moja la kununua na moja la kutengeneza, na ukiona la pili halipo, bado hujawa na fedha ya gari. Andika mapatano, utaje hali ya gari na siku za khiyari, na mashahidi wawili watie sahihi. Kufanya hivi si kumdhania mwenzako vibaya, bali ni kuulinda udugu usije ukavunjwa na chuma.

Na wewe unayeuza, sema aibu ya gari lako kabla hujaulizwa. Huenda ukapoteza mteja mmoja, kama tulivyompoteza wa Urambo. Miezi mitano baadaye kijana yule alirudi. Alikuwa amepata gari jingine, naye alitaka twende tukalitazame pamoja naye kabla hajalipa. Tulikwenda, sisi na fundi wetu, tukalikagua siku nzima, naye akanunua kwa amani.

Ama fedha ya mama watoto, tumeirudisha kidogo kidogo kwa safari za asali, na lililobaki ametusamehe, ingawa hukumbusha anapotaka jambo.

Gari lilipokwisha tulitangaza chuoni kwamba safari ya Kwihara itarudiwa. Asubuhi ile baba wa mtoto aliyeng'oka jino alikuja na mwanawe mkononi. Hakumpakia. Aliomba tochi. Tukampa, akavua kanzu, akalala chini ya gari, akatazama kwa kitambo kirefu, na watoto wote wakimtazama miguu. Alipotoka alijipangusa vumbi, akamnyanyua mwanawe akamkalisha kitini, akamfunga mkanda kwa mkono wake. Kisha akatwambia, "Haya, Maalim, nendeni salama."

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye safari zetu zote kuwa za salama, na biashara zetu kuwa za kweli, zilizo juu na zilizo chini. Amin.